Msimbo mfu kwenye mradi: kuufuta leo, kuustaafisha, kungoja siku ya usafi au kuuacha

Umefungua faili ili urekebishe jambo jingine kabisa, ukakutana na msimbo mfu, yaani msimbo usiotumika tena: funksheni (kipande cha msimbo chenye jina) ya mistari mia mbili ambayo hakuna anayeiita. Umelitafuta jina lake kwenye mradi mzima na limetokea mahali pamoja tu, pale lilipoandikwa. Unatamani kuifuta, lakini hujui nini kitavunjika ukishaenda nyumbani. Wanaprogramu wengi wakifika hapo hufunga faili na kuendelea na kazi iliyowaleta. Uamuzi unakuwa umeahirishwa tu, na atakayeifungua faili hiyo mwaka kesho atakuta swali lilelile akiwa na habari chache kuliko ulizo nazo wewe leo.

Njia za kuamua ni nne: kufuta papo hapo, kustaafisha kwanza kisha kufuta, kukusanya yote hadi siku ya usafi, na kuacha kwa makusudi. Zote nimeziona zikifaa, na zote nimeziona zikitumika mahali pasipofaa.

Kwanza tujue ni mfu wa aina gani

Kuna mistari iliyo baada ya amri ya kurudisha jibu, ambayo mashine haiwezi kuifikia kamwe. Kuna funksheni nzima isiyoitwa na yeyote. Kuna msimbo unaotekelezwa kila siku lakini jibu lake halitumiki popote. Kuna mistari iliyogeuzwa maoni, ambayo mashine huiruka, "tusije tukaihitaji". Na kuna msimbo uliofungwa nyuma ya swichi iliyozimwa, yaani alama ya kuuwasha au kuuzima, ambao ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu umelala tu na mtu yeyote anaweza kuuamsha bila kujua.

Kisa cha Knight Capital, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa, kinaeleza hatari hiyo vizuri. Mifumo yake ilikuwa na kazi iliyoitwa Power Peg, ambayo iliacha kutumika mwaka 2003, ila msimbo wake ukabaki kwenye seva. Mwaka 2005 sehemu iliyokuwa ikihesabu hisa zilizokwisha kununuliwa, ili Power Peg ijue wakati wa kusimama, ilihamishiwa kwingine, na baada ya hapo hakuna aliyejaribu kama Power Peg bado inafanya kazi sawasawa. Mwaka 2012 wahandisi waliandika kipengele kipya cha kuchukua nafasi ya msimbo huo wa zamani, wakaitumia tena swichi yake. Msimbo mpya ukafika kwenye seva saba kati ya nane. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012 seva ya nane ilipokea swichi, ikaiamsha Power Peg, ikaanza kutuma maagizo bila kujua kuwa yametosha. Ndani ya dakika kama 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 460. Mwaka uliofuata ilitozwa faini ya dola milioni 12 na SEC, tume inayosimamia masoko ya hisa nchini humo.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama hoja ya kufuta kila kitu haraka. Kina upande wa pili. Siku ile msimbo wa zamani ndio uliokuwa ukiondolewa, ila ulikuwa ukiondolewa miaka tisa baadaye, katika mabadiliko yaleyale yaliyoleta kipengele kipya, na kwa swichi ileile. Swali la lini lilikuwa na uzito sawa na swali la namna gani.

Vigezo vya kulinganishia

Cha kwanza ni uhakika. Unajuaje kuwa hakuna anayeuita? Kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ya lugha ya Rust hutoa onyo yenyewe bila kuombwa. Go hukataa kabisa kujenga programu yenye kigeu cha ndani kisichotumika au maktaba (msimbo uliotengenezwa tayari) iliyoingizwa bure. Kwa Python kuna zana ya vulture, ambayo kwa kila inachokishuku hukupa asilimia ya uhakika wake. Zana hizi zote husoma maandishi ya msimbo, na hapo ndipo mpaka wake ulipo. Haziwezi kuona jina la funksheni lililohifadhiwa kwenye jedwali la hifadhidata na kuitwa kutoka huko. Haziioni kazi ya cron, inayojiendesha yenyewe kwa ratiba, iliyo kwenye seva nyingine. Wala haziioni simu ya mteja yenye toleo la zamani la programu yako, ambayo bado inagonga API (mlango ambao programu nyingine huutumia kuufikia mfumo wako) uliyodhani imesahaulika.

Cha pili, kinachohusiana na hicho, ni mahali alipo anayeuita: ndani ya mradi wako unaoweza kuusoma wote, au nje, kwa watu usiowajua. Cha tatu ni gharama ya kukosea, yaani nani ataumia na itachukua muda gani kurudisha. Cha nne ni gharama ya kuishi nao: muda wa kila anayeusoma, majaribio yanayoendeshwa bure, maktaba ya zamani usiyoweza kuiboresha kwa sababu funksheni moja isiyotumika inaitegemea. Cha tano ni kazi inayohitajika kwenu, na hiki hutegemea sana kama mna majaribio ya kiotomatiki au hamna.

Kufuta papo hapo

Uhakika unaotakiwa hapa ni mkubwa, lakini kupatikana kwake si lazima kuwe kwa shida. Kama msimbo uko ndani ya mradi mmoja, lugha ina kompaila kali, na mradi unajengeka na majaribio yanapita baada ya kufuta, hiyo inatosha mara nyingi. Kwa PHP, Python au JavaScript ongeza hatua moja: tafuta pia vipande vya jina. Msimbo unaounganisha neno "lipa_" na jina la mtandao wa simu ili kupata funksheni ya kuita hautaonekana ukitafuta jina zima.

Ukikosea, unarudisha. Git, zana ya kutunza historia ya msimbo, hutunza kila kitu, na amri ya `git log -S` ikifuatiwa na kipande cha msimbo itakuonyesha mabadiliko yaliyokiingiza na yaliyokiondoa, hata kama faili lenyewe halipo tena. Ndiyo maana hoja ya "tuache, huenda tukauhitaji" haina nguvu kwa mradi ulio kwenye Git. Ina nguvu kubwa kwa hifadhidata. Funksheni iliyofutwa hurudi kwa dakika moja, lakini safuwima uliyoiondoa kwenye jedwali imeondoka na data yake, na Git haijui lolote kuihusu. Kwa hiyo ondoa msimbo leo, na safuwima iache ikae hadi utakapokuwa na nakala ya akiba uliyokwisha kuijaribu kuirudisha.

Gharama ya kuishi nao inaisha siku hiyohiyo. Kazi ni ndogo, ilimradi ufutaji uende peke yake, katika badiliko lisilo na jambo jingine ndani yake. Likichanganywa na marekebisho mengine, siku ya kurudisha utalazimika kuchambua kipi ni kipi.

Njia hii inaifaa timu inayomiliki msimbo na watumiaji wake wote. Mfano mzuri ni LibreSSL, maktaba ya kulinda mawasiliano kwa usimbaji iliyotokana na OpenSSL. Mwezi Aprili 2014, baada ya tundu la usalama la Heartbleed kugunduliwa kwenye OpenSSL, watu wa mfumo endeshi wa OpenBSD walichukua nakala yao ya maktaba hiyo na kufuta mistari ya C takribani 90,000 katika wiki ya kwanza, ikiwemo iliyohudumia mifumo kama VMS na Netware. Waliweza kwenda kwa kasi hiyo kwa sababu walikuwa wakiijengea OpenBSD yao. Mradi wa OpenSSL wenyewe, wenye watumiaji kila kona ya dunia, haukuwa na uhuru huo.

Kustaafisha kwanza, kisha kufuta

Hapa unatangaza kuwa msimbo utaondoka, unaweka onyo kwa anayeuita, unasubiri huku unaangalia, kisha unaufuta tarehe ikifika. Uhakika wa awali unaweza kuwa wa wastani, kwa sababu kipindi cha kusubiri ndicho kinachokutafutia ushahidi.

Python ilifanya hivyo kwa uwazi mkubwa. Kulikuwa na moduli 19 kwenye maktaba yake ya msingi zilizoachwa na wakati, kama `cgi`, `crypt` na `telnetlib`. Toleo la 3.11, Oktoba 2022, lilianza kuonya. Toleo la 3.13, Oktoba 2024, likaja bila moduli hizo. Miaka miwili ya taarifa, tarehe inayojulikana, na kila aliyeguswa alikuwa na muda wa kutafuta mbadala.

Linganisha na Java. Njia ya kusimamisha uzi (kazi moja kati ya zinazoenda sambamba ndani ya programu) kwa nguvu, `Thread.stop`, ilitangazwa kuwa haifai mwaka 1998. Haikupewa tarehe ya kuondoka, ikaendelea kufanya kazi hadi toleo la 20 la mwaka 2023, lililoifanya itoe hitilafu badala ya kusimamisha chochote. Mwaka 2017 Java 9 ilikuwa imeongeza alama maalumu ya kutenganisha "usitumie" na "hili litaondolewa", kwa sababu waandishi wa programu walikuwa wamezoea kuyapuuza maonyo yasiyo na mwisho. Ukistaafisha bila tarehe, kwa vitendo umechagua kuacha, tena kwa kelele za maonyo kila mnapojenga programu.

Sasa, kusubiri kwa muda gani? Hapa ndipo timu nyingi hujidanganya. Wanaweka mstari wa logi mwanzoni mwa funksheni, unaoandika jina, saa na aliyeita, wanaangalia kwa wiki tatu, hawaoni kitu, wanafuta. Wiki tatu zina maana tu kama shughuli za mfumo wenu zinazunguka ndani ya wiki tatu.

Chukua Kenya. VAT ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 tarehe 1 Aprili 2020, ikarudi 16 tarehe 1 Januari 2021. Mfumo wa mauzo wa wakati huo ulikuwa na tawi la msimbo la asilimia 14. Kuanzia Januari hakuna mauzo mapya yaliyopita hapo, na logi ya wiki tatu ingekuwa tupu kabisa. Lakini ankara ya Novemba 2020 ikichapishwa upya kwa ajili ya mkaguzi lazima ionyeshe 14, na bidhaa iliyouzwa kwa kiwango hicho ikirudishwa dukani, hesabu ya marejesho hurejelea ankara ya awali. Tawi lile lilionekana limekufa kwa anayetazama mauzo, wakati kwa anayetazama kumbukumbu lilikuwa hai. Naye aliyefuta hesabu ya asilimia 16 katikati ya mwaka 2020 kwa kudhani imekwisha kazi, alilazimika kuiandika upya kabla ya miezi tisa kutimia.

Kwa hiyo pima kipindi cha kusubiri kwa mzunguko mrefu kuliko yote ulio kwenye shughuli husika. Kwa mishahara, angalau mwisho wa mwezi mmoja, na bora robo mwaka. Kwa mifumo ya serikali za Tanzania, Kenya na Uganda, usiguse ripoti kabla ya kuvuka tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha unapofungwa. Kwa SACCO, gawio hukokotolewa mara moja kwa mwaka, na msimbo wake hulala miezi mingine yote.

Ukikosea ndani ya njia hii, unagundua kupitia logi kabla mteja hajapiga simu. Gharama ya kuishi nao inaendelea kwa kipindi chote, na kazi ni kubwa kuliko njia zote nne: kutangaza, kuangalia, kukumbusha, kufuta. Inamfaa mwenye maktaba ya umma, mwenye API inayotumiwa na kampuni nyingine, na mwenye programu za simu ambazo hawezi kuwalazimisha watu kuzisasisha.

Kungoja siku ya usafi

Wengine hawafuti kila wanapokutana na msimbo mfu. Wanauandika kwenye orodha, kisha wanatenga siku, tuseme moja kila robo mwaka, ya kuushughulikia wote. Kampuni kubwa zimeikabidhi kazi hiyo kwa mashine. Google ina mfumo uitwao Sensenmann unaotafuta msimbo usiotumika na kutuma mapendekezo ya kuufuta, zaidi ya elfu moja kwa wiki, huku binadamu akibaki na uamuzi wa kukubali. Meta ilieleza mwaka 2023 kuwa mfumo wake wa aina hiyo umefuta zaidi ya mistari milioni 100. Uber nao waliachia wazi zana yao ya Piranha mwaka 2020, kwa kazi moja mahususi ya kuondoa swichi zilizokwisha muda wake pamoja na msimbo ulio nyuma yake.

Uhakika hapa hupatikana kwa kuangalia mambo kwa pamoja. Toleo la 4.17 la Linux (kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi), mwaka 2018, liliondoa usaidizi wa aina nane za vichakataji kwa mkupuo, karibu mistari nusu milioni. Kuziangalia zote kwa pamoja kuliwezesha kuuliza swali moja kwa wahusika wote: kuna mtu bado anaendesha vichakataji hivi kwa kerneli mpya?

Udhaifu wake ni wakati wa kukosea. Ukifuta vitu thelathini siku moja na kesho yake mfumo ukayumba, utapata tabu kumjua mwenye kosa, hivyo kila ufutaji lazima ubaki badiliko lake peke yake hata kama yote yanafanyika siku hiyo. Gharama ya kuishi nao hulipwa kati ya msimu na msimu. Na kuna hatari ambayo sitaificha: kazi za dharura zikija, siku ya usafi ndiyo ya kwanza kuahirishwa. Njia hii inaifaa timu yenye kiongozi anayeweza kuilinda siku hiyo, na yenye mradi mkubwa ambao watu wengi wanaugusa.

Kuacha kwa makusudi

Hii ni njia halali, na inastahili kutetewa. Kwenye programu za ndege, mwongozo wa DO-178C hutenganisha msimbo mfu, ulioingia kwa makosa na unaopaswa kuondolewa, na msimbo uliozimwa kwa makusudi, ambao unaruhusiwa kubaki mradi ionyeshwe kwamba hauwezi kuamka pasipotakiwa. Mahali ambapo kila badiliko hulazimisha uthibitisho kuanza upya, kufuta mistari kumi kunaweza kuwa ghali kuliko kuishi nayo kwa miaka. Vivyo hivyo kwa mfumo unaozimwa mwisho wa mwaka: kuusafisha ni kutumia nguvu za watu bure.

Uhakika unaotakiwa ni wa aina nyingine. Huhitaji kuthibitisha kuwa hakuna anayeuita, ila unahitaji kuthibitisha kuwa hauwezi kuleta madhara ukiwa umekaa hapo. Hilo ndilo halikufanyika kwa roketi ya Ariane 5. Tarehe 4 Juni 1996, huko Kourou, Guiana ya Ufaransa, ilipoteza mwelekeo sekunde kama 37 baada ya injini kuwashwa, ikavunjika na kulipuka. Sehemu ya programu iliyotoka Ariane 4, ya kusawazisha vifaa vya mwelekeo, iliendelea kufanya kazi baada ya kuruka ingawa kwenye roketi mpya haikuwa na kazi yoyote wakati huo. Ilijaribu kuigeuza namba ya biti 64 kuwa ya biti 16, ikashindwa, na kompyuta za mwelekeo zikazima. Tume ya uchunguzi ilidhani kuwa sehemu hiyo ilibakizwa kwa mtazamo kwamba si busara kugusa programu iliyofanya kazi vizuri kwenye Ariane 4. Kwa Ariane 4 mtazamo huo ulikuwa sahihi. Mazingira yakabadilika, na swali halikuulizwa tena.

Gharama ya kuishi nao ndiyo kubwa kuliko zote kwa muda mrefu, na kazi ya leo ndiyo ndogo kuliko zote. Ili uachaji uwe uamuzi, andika juu ya funksheni sababu ya kuiacha, wajibu wa nani kuiangalia, na tarehe ya kuiangalia tena. Mistari iliyogeuzwa maoni haimo katika heshima hii. Hiyo futa tu, iko kwenye Git.

Kulingana na hali yako

Kama uko peke yako au mko wawili watatu, na mradi wote unausoma kwenye kompyuta yako, futa papo hapo. Hakuna cha kusubiri.

Kama msimbo uko nyuma ya anwani inayofikika kwenye intaneti, mfano njia ya zamani ya kupokea taarifa za malipo ya simu au ukurasa wa kubadilisha nywila usiounganishwa tena na menyu, angalia logi za seva leo hii. Kwenu umekufa, lakini mshambuliaji akigonga utamjibu. Kama wanaougonga ni wateja halali, wape tarehe ya karibu. Kama hakuna mteja, ufunge sasa, ufute ukishathibitisha kuwa kimya kimeendelea.

Kama ni swichi ya kipengele kilichokwisha kuwashwa kwa watu wote, ondoa swichi pamoja na tawi la zamani mapema, na jina la swichi hiyo lisitumike tena kwa jambo jingine.

Kama kampuni nyingine zinategemea API yako, staafisha, na tarehe ya mwisho iwe kwenye tangazo la kwanza kabisa.

Kama mradi ni wa hospitali, ndege au mitambo, muulize anayesimamia uthibitisho kabla ya kugusa chochote, na uwe tayari kusikia kwamba jibu ni kuacha.

Na kama umerithi mradi usio na majaribio, ulioandikwa na mtu ambaye hapatikani tena, anza na visivyo na ubishi: mistari iliyogeuzwa maoni, maktaba zilizoingizwa bure, mistari isiyofikika. Orodhesha kazi zote za cron kwenye kila seva, kisha tafuta majina ya funksheni ndani ya hifadhidata na violezo vya ripoti. Kwa kila funksheni unayoishuku weka mstari wa logi, na mwulize mhasibu, ambaye huenda ndiye mtu pekee ofisini anayejua kitufe kipi hubonyezwa mara moja kwa mwaka. Zile zilizokaa kimya hadi Julai ikaisha, zifute moja moja.